Mpira usiopinda ndo unaowamaliza wageni

Kila timu kubwa ya kriketi ikienda India au Sri Lanka ikachapwa, maelezo huwa ni yale yale: pichi, ule ukanda mpira unapotua, ilikuwa vumbi tupu, mpira unapinda hatari, sasa wageni wa watu wangefanyaje. Mi hayo maelezo siyakubali. Nimeangalia sana hizi mechi, kwenye simu, bando likikata naunga tena, na kadiri ninavyoangalia ndo nazidi kuona kwamba mpira unaopinda sana mara nyingi haumtoi mtu, unampita tu, unapita gongo la mpigaji, unapita vijiti anavyovilinda nyuma yake, mlinda wiketi aliye nyuma ya vijiti anaudaka, watu wanashika vichwa, basi. Unaomaliza kazi ni ule unaofuata, ambao haupindi kabisa.

Cheki Ahmedabad, Februari 2021, India na Uingereza, mechi ya Testi ya usiku na mchana. Uingereza walitolewa wote kwa mikimbio 112, mikimbio ndo pointi zenyewe, wakarudi mara ya pili wakatolewa kwa 81, mechi ikaisha siku ya pili wakati Testi inapangiwa siku tano. Axar Patel, anayezungusha kwa mkono wa kushoto, alichukua wiketi 11, yaani aliwatoa wapigaji mara 11. Watu wakalalamikia pichi wiki nzima. Lakini rudia hizo video uangalie taratibu, mpira wa kwanza kabisa wa kipindi cha pili Zak Crawley kaangushiwa vijiti na mpira ulionyooka, na mpira wa tatu Jonny Bairstow naye vijiti chini, hamna kona pale, yaani mpira haukupinda, ni mtu kacheza kona ambayo haikuwepo. Na wengi waliofuata ni hivyo hivyo, miguu imenaswa mbele ya vijiti, hiyo nayo ni kutoka, au gongo limepita pembeni ya mpira unaokuja moja kwa moja.

Kwa wenzangu wa huku kusini ambao mpira kwenu ni Namungo, Simba na Yanga, ngoja niweke sawa kidogo. Kutoka vijiti vya upande huu mpaka vya upande ule ni kama mita 20. Warushaji wa kasi wanarusha kilomita 140 kwa saa na zaidi, spina, yaani mrushaji anayeuzungusha mpira, yeye anarusha 80 mpaka 90 hivi, akiwa kachukua hatua chache tu. Sasa mtu anajiuliza, huyu mpigaji anayesimama mbele ya mpira wa 140 bila kutetereka, anakuwaje anababaika na wa 85? Jibu ni kwamba ule wa kasi unauliza mwili, mwili umefundishwa toka utotoni unajibu wenyewe. Wa spina unauliza akili, tena unaiachia muda wa kutosha kujikoroga. Mpigaji anaanza kuwaza huku mpira uko hewani, na akishaanza kuwaza pale ndo keshachelewa.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara na hiki kipande ndo kinachonipa raha kuliko vyote. Mpira ukirushwa huku unazunguka kwenda mbele, unaivuta hewa iliyougusa izunguke nao. Upande wa juu hewa inagongana na upepo unaokuja, upande wa chini inaenda nao, matokeo yake mpira unasukumwa chini kuliko uzito wake peke yake ungeushusha. Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alilieleza jambo hili mwaka 1852 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Ukizungusha kwa ubavu, mpira unahama pembeni ukiwa bado hewani. Ukichanganya vyote viwili, ambacho ndicho spina mkali anafanya, mpira unahama na unazama kwa pamoja, na unazama mwishoni, pale ambapo jicho la mpigaji lilishapiga hesabu likafunga.

Shane Warne, spina wa Australia, alimfanyia hivyo Mike Gatting wa Uingereza pale Old Trafford tarehe 4 Juni 1993, na ulikuwa mpira wake wa kwanza kabisa wa Ashes, yaani Testi za Uingereza na Australia, kwenye ardhi ya Uingereza. Gatting alikuwa anasifika kwa kucheza spini vizuri, sio mtu wa kubahatisha. Mpira ukaanza umenyooka, ukahama kuelekea miguuni, ukatua nje kabisa ya vijiti upande wa miguu, ukapinda ukagonga kijiti cha upande wa pili. Kila mtu anakumbuka kile kipindo. Mi nawaambia angalieni kule kuhama kwa kabla ya kutua, maana ndiko kulikomvuta Gatting akasimama sehemu ambayo hawezi tena kurekebisha kitu. Mpaka mpira unagusa ardhi, yeye alikuwa keshatoka.

Kwa hiyo swali la kweli kwa mgeni ni hili: mpira utatua wapi? Akijua utatua wapi anaweza kunyoosha mguu mbele mpaka gongo likutane na mpira palepale unapotua, usipate nafasi ya kwenda kokote, au anaweza kurudi nyuma kabisa karibu na vijiti vyake, auache upinde umalize ndo acheze. Njia ni hizo mbili, mbele kabisa au nyuma kabisa. Kinachoua ni katikati. Jicho limesema mpira utatua karibu, kapiga hatua, mpira ukazama ukatua mbali kidogo na alipotegemea, sasa mguu uko mbele nusu, gongo liko hewani, na kati ya gongo na pale ulipotua kuna pengo. Ndani ya pengo hilo mpira unaweza kupinda, unaweza kunyooka, unaweza kuruka juu, unaweza kuteleza chini, na yeye hana namna ya kujua.

Na tena mrushaji mwenyewe mara nyingine hajui! Hili jambo lilinichukua muda kulikubali. Mtu kama Axar au mwenzake wa India Ravindra Jadeja anarusha mipira miwili kwa mkono ule ule, vidole vile vile, kasi ile ile, mmoja ukatua kwenye ule mshono wa uzi unaozunguka mpira ukashika ardhi ukapinda, wa pili ukatua kwenye ngozi laini ukateleza moja kwa moja. Hamna cha kusoma mkononi pale, siri haipo. Mgeni anakaa usiku anaangalia video za mkono wa mrushaji kwenye kompyuta, kesho yake anatolewa na mpira ambao hata aliyeurusha hakuupanga.

Haya nimeyaelewa zaidi kwa sababu ya msimu wa korosho. Si mnajua kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa huku wanajaa wanunuzi na wakaguzi wa ubora kutoka India, na huo huo msimu ndo timu za nje zinaenda kucheza kwao. Kuna mmoja mtu wa Gujarat, mtu mzima, kazi yake ni kupasua korosho za sampuli maghalani, jioni akimaliza anakuja pale tunapochezea na vijana. Sisi tunamwita Bhai. Zamani alikuwa anacheza kwao ligi za mtaani na vidole vyake bado vinalia akiuachia mpira, unasikia kabisa tak.

Kuna jioni nilikuwa nashika gongo, anarusha yeye, mipira mitatu ikapinda mpaka vijana wakawa wanacheka, nikaona hapa lazima nicheze kwa nje nifuate kona. Wa nne ukaja umenyooka, vijiti chini.

"Mwalimu, nimefanya nini mpira huu wa mwisho?"

"Umebadilisha mkono, Bhai."

"Hapana. Sijabadilisha kitu. Wewe ndio umebadilika. Mipira mitatu ile ilikuwa ya kukuonyesha tu, huo mmoja ndio wa kukutoa."

Alafu akaongeza maneno ambayo nawaambia vijana mpaka leo, kwamba mpigaji mgeni anacheza mpira uliopita, mpigaji mwenyeji anacheza mpira unaokuja. Ni sawa na kipa wa penati anayeruka kabla mpira haujapigwa kwa sababu ile ya kwanza ilienda kushoto.

Sasa kwa nini hawajifunzi huko kwao, maana hela wanazo, makocha wanao, mitambo ya kurusha mpira wanayo. Uingereza ligi yao ya kaunti, ile ya siku nne, inaanza Aprili, kuna baridi, ardhi ina unyevu, nyasi zipo, mpira unachezwa na warushaji wa kasi ya kati mpaka basi. Katikati ya kiangazi, jua likiwa limekausha viwanja na spina angepata kazi, ligi inasimamishwa kupisha mashindano ya ova chache (ova moja ni mipira sita), alafu inarudi Septemba kumalizia ardhi ikiwa imeshaanza tena kulowa. Kijana anaweza akapanda mpaka timu ya taifa bila kukutana hata kidogo na spina wa hatari kwenye pichi kavu iliyopasuka siku ya nne. Ikitokea anakutana naye, ni Chennai, mbele ya watu elfu arobaini, walinzi wanne, wadakaji wa timu pinzani, wamechuchumaa hatua mbili kutoka usoni kwake wanaongea.

Na hao walinzi wa karibu msiwachukulie poa. Mpigaji akiogopa kona anaupeleka mkono kwa nguvu, mikono migumu, mpira unagusa gongo unagusa pedi, ile kinga ya mguuni, unaruka, mtu anaudaka, umetoka. Mwenyeji anauacha mkono ulegee, mpira unafia miguuni pake. Kwa mtu wa kwenye kochi inaonekana kitu kidogo.

Zamani wageni walikuwa na kichaka cha kujifichia, nacho ni pedi. Unanyoosha mguu mbele sana, gongo unalificha nyuma yake, mpira ukigonga pedi refa anasema mguu uko mbali mno siwezi kuwa na uhakika, hutoki. Ulipoingia mfumo wa DRS, wa kukagua uamuzi wa refa kwa kamera, kwenye Testi, kuanzia 2008 kwa majaribio na 2009 rasmi, kamera zikaonyesha kwamba mingi ya ile mipira ilikuwa inaenda kugonga vijiti sawasawa. Kichaka kikafyekwa. Mwaka 2012 Uingereza walienda kucheza na Pakistan kule Falme za Kiarabu wakiwa namba moja wa dunia kwenye Testi, wakachapwa 3-0, spina wa Pakistan Saeed Ajmal akachukua wiketi 24 kwenye mechi tatu, na pale Abu Dhabi walikuwa wanatafuta mikimbio 145 tu washinde, wakaishia 72. Hawa ni watu walioipiga Australia kwao mwaka mmoja nyuma, sio kwamba walikuwa hawajui kupiga, bali mbinu waliyoilea miaka yote ilikuwa imeondolewa mezani na hawakuwa na nyingine.

Kitu kingine kinachoniuma, kiukweli, ni ratiba. Zamani timu ikisafiri ilikuwa inazunguka nchi, inacheza na timu za mikoa wiki kadhaa, wapigaji wanaumwa na joto, wanatolewa ovyo kwenye mechi zisizo na uzito, wanarekebisha, Testi ya kwanza ikifika angalau miguu inajua ardhi. Siku hizi wanashuka kwenye ndege wanaingia uwanjani. Uingereza walipoenda India mwanzoni mwa 2024 walipiga kambi Abu Dhabi, hawakucheza hata mechi moja ya maandalizi ndani ya India. Walishinda ya kwanza Hyderabad, kwa mikimbio 28, Ollie Pope akipiga 196 za kufagia kila upande, na watu wakasema mnaona, maandalizi ni habari za wazee. Zikafuata nne, wakapigwa zote nne. Mtu mmoja akiwa na siku yake ya maajabu unaweza kushinda mechi, ila mechi tano zinafichua kila kitu ulichokuja bila kukijua.

Waliofanikiwa wapo, na ukiwachunguza kila mmoja alikuwa na njia yake, ila wote wameacha ile hali ya katikati. Matthew Hayden wa Australia 2001 kule India alipiga mikimbio 549 kwenye mechi tatu, silaha yake kufagia, yaani anapiga goti anaufagia mpira kuelekea upande wa miguu kabla haujafanya lolote. Joe Root wa Uingereza mwanzoni mwa 2021 alipiga 228 na 186 pale Galle, Sri Lanka, kisha 218 Chennai, naye kufagia, pamoja na kurudi nyuma kabisa akacheza kwa kuchelewa. Brian Lara wa West Indies alienda Sri Lanka 2001 akamkuta spina wao Muttiah Muralitharan, au Murali, yuko moto, akapiga mikimbio 688 kwenye mechi tatu, miguu yake ilikuwa inatembea mpaka kwenye mpira, kwangu mi hakuna mgeni aliyecheza spini vizuri kuliko vile. Na West Indies bado walipoteza zote tatu. Lara mmoja hatoshi, wapigaji kumi waliobaki walikuwa wanaishi kwenye lile pengo.

Hapo ndo watu huwa wanarukia kusema basi ni damu, Waasia wamezaliwa wanajua spini. Hapana. Oktoba na Novemba 2024 New Zealand walienda India, India walikuwa hawajapoteza mfululizo wa Testi nyumbani toka 2012, wakawapiga 3-0. Pale Pune spina wao Mitchell Santner alichukua wiketi 13. Na wiketi ninayoikumbuka ni ya Virat Kohli, mtu ambaye amekula spini toka mtoto, kaangushiwa vijiti na mpira ambao haukutua kabisa chini! Haujagusa ardhi, kwa hiyo haukuwa na pa kupindia. Aliusoma vibaya urefu hewani, kaenda kuupiga kwa kuukata njia, umepita chini ya gongo. India wenyewe nao siku hizi vijana wao wanakulia kwenye mechi fupi za kupiga juu juu, na viwanja vya ligi yao vinatengenezwa mpira uje vizuri kwenye gongo watu wafurahi, basi ile elimu ya miguu inamomonyoka hata kwa wenye nayo.

Na sisi Afrika Mashariki ushahidi wetu tunao kabisa, nashangaa kwa nini hatuusimulii. Kombe la Dunia 2003, Nairobi, tarehe 24 Februari, Sri Lanka nchi ya Murali mwenyewe, wanakuja kucheza na Kenya. Kenya wakapiga 210, Collins Obuya akaingia na spini yake ya kifundo cha mkono, akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24, Sri Lanka wakaishia 157. Wale walikuwa wapigaji waliozoea kumcheza Murali mazoezini kila siku! Ila siku ile walikuwa wageni, pichi sio yao, mrushaji hawamjui, na wageni wakafanya mambo ya wageni.

Alafu kuna Aasif Karim. Mzaliwa wa Mombasa, mtu wa pwani kama sisi, alishastaafu akarudishwa timuni akiwa na miaka 39. Durban, Machi 15, 2003, Kenya na Australia iliyokuwa haishikiki, mabingwa wa dunia. Kenya walikuwa wamepiga 174 tu, Australia wakaanza kama wana haraka ya kwenda kula. Karim akaja taratibu, mkono wa kushoto, mpira hausukumi kwa nguvu, anaupandisha juu ya macho ya mpigaji alafu anauacha uzame. Ricky Ponting LBW, mguu umenaswa mbele ya vijiti. Darren Lehmann akafuata, Brad Hogg akafuata. Ova 8 na mipira miwili, ova sita hazikuzaa hata mkimbio mmoja, mikimbio 7 kwa wiketi 3. Australia walishinda mechi lakini zawadi ya mchezaji bora ikaenda kwa Karim. Ukipata kipande cha ile mechi angalia kama mpira unapinda sana. Haupindi sana. Urefu tu, kila mpira unatua palepale wasipopapenda, sio mbele sio nyuma, na mabingwa wa dunia wanasukuma gongo nusu nusu.

Ndo maana vijana ninaocheza nao hapa Shangani siwaanzishi na kupiga. Kiwanja chetu ni changarawe na mchanga, upande mmoja umekauka mpira unashika, upande mwingine umeshindiliwa unateleza, mtu mwingine angesema kibovu, kwa kujifunza spini ni kizuri mno. Mpigaji anasimama na gongo, spina anarusha, mpigaji kazi yake ni kutamka kwa sauti "mbele" au "nyuma" kabla mpira haujafika nusu ya njia, na mguu uende alikosema mpaka mwisho. Haruhusiwi kubadili mawazo. Mwanzoni wanakosea sana kwa sababu wanaangalia vidole vya mrushaji, baada ya muda macho yanahamia kwenye mpira wenyewe, wanaanza kuona ule mzunguko, wanaanza kuona unavyozama. Kuna binti wa kidato cha pili saa hizi anatamka mapema kuliko mtu yeyote, Bhai akimrushia ule ulionyooka baada ya mitatu ya kupinda anauzuia kwa gongo lililonyooka, na Bhai anamuinulia mkono.

Timu yetu ya vijana chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza kwa Tanzania, na vijana wakifika ngazi ile wanakutana na maspina waliolelewa kwenye shule tofauti kabisa na viwanja vya Dar. Ningekuwa na sauti pale ningeomba kitu kimoja tu kuhusu safari yoyote wanayopanga kuanzia sasa: wapelekwe mapema, wacheze mechi zisizo na pointi kwenye ardhi ile ile, watolewe huko kwanza.

Sisi huku tunachezea mipira ya tenisi iliyofungwa utepe, inafaa kwa kuanzia lakini haina mshono, na bila mshono huwezi kumuonyesha mtoto kwa nini mmoja umepinda na mwingine umenyooka. Mwenye mipira halisi ya kriketi ya zamani, hata iliyochubuka, iwe Lindi, Masasi au Newala, ailete Mtwara kwa mtu anayekuja huku, tupo pale kila Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali.